Fotei ya Amandine

Honorine aliolewa na Firmin mwezi wa nane, na kufikia mwezi wa kumi alikuwa ameshajua kwamba ndani ya nyumba yake kuna kiumbe mmoja asiyemtaka. Si mtoto. Délice, msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye Firmin alimzaa na mke wake wa kwanza, alimpokea vizuri, alimwita Tantine, shangazi, na kumletea madaftari yake kila jioni. Asiyemtaka alikuwa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Bijou. Alikuwa jike, mdogo, mweupe, masikio yamelala. Marehemu Amandine, mke huyo wa kwanza, alimnunua Bujumbura akiwa kitoto na kumvusha mpakani ndani ya kikapu, juu ya nyanya. Pale Kavimvira walipoishi, mtaa wa mpakani, mbwa hulala nje karibu na geti, hula mabaki, na kazi yake ni kubweka. Bijou alilala ndani. Mahali pake palikuwa fotei ya velour ya kijani, kiti kipana cha kitambaa laini, iliyokaa karibu na dirisha la sebule. Amandine alikuwa akishonea humo mwaka wote aliougua figo, na ndimo alimoinuliwa siku waliyompeleka hospitali, asirudi tena.

Honorine aliyajua hayo yote kabla ya kukubali kuolewa. Alikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu wa shule ya primaire, mwanamke wa miaka thelathini na minne, si mtoto wa kudanganywa. Alijiambia kwamba marehemu hashindani na mtu. Hakujua kwamba mtu anaweza kushindwa na marehemu kila siku, asubuhi na jioni, kwa mambo madogo madogo.

Muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alipopita barabarani alisimama getini akaita, "Mama Délice, leo iko mbichi!" Kisha akakumbuka, akaziba mdomo, akasema, "Pole, Madame." Hiyo pole ndiyo iliyomchoma zaidi. Mapazia yalichaguliwa na Amandine. Zulia lilikuwa la Amandine. Na Firmin, ambaye alikuwa déclarant, wakala wa kutoa mizigo forodhani, pale mpakani na aliyerudi kila jioni sauti ikiwa imemkauka kwa kubishana na madereva wa malori, alipoingia ndani alipiga magoti kwanza mbele ya ile fotei. "Umeshinda aje, kamama? Umekula?" alimwuliza mbwa, kwa sauti laini ambayo Honorine hakuwahi kuisikia ikisemeshwa yeye.

Yeye akimwita Bijou, mbwa alimtazama kidogo, kisha akageuza uso kuelekea dirishani.

Mvua zilipoanza, Bijou akaanza kujikuna. Alijikuna masikio, akalamba nyayo mpaka manyoya meupe yakawa na rangi ya chai, akajisugua tumbo kwenye zulia. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kuingia kwenye parcelles za chini, viwanja vilivyo karibu na ufuo, na nyumba yao, ingawa maji yalishatoka, ilibaki na unyevu. Kuta zilikuwa na ukungu mpaka kiunoni. Firmin alidhani ni upele. Alimpeleka mbwa kwa Docteur Mugabo, mtu wa Bijombo aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake kule milimani na ambaye sasa alitibu mifugo mjini. Docteur akatoa dawa ya upele. Mwezi ukaisha, Bijou hakupona.

Ikawa Firmin hana nafasi, malori yamejaa mpakani. Akamwomba Honorine ampeleke mbwa mara ya pili.

"Minye?" Honorine aliuliza, akijionyesha kidole. "Hata hanipendi."

"Tafadhali, mama. Hana mwingine."

Juma lililotangulia Honorine alikuwa amelala na homa siku mbili, na Firmin alimtuma Délice amletee paracétamol kutoka pharmacie. Hakuomba ruhusa kazini. Lakini kwa mbwa alikuwa tayari kumwita mkewe mama na kusema tafadhali. Honorine alimweka Bijou kwenye kikapu, akamfunika na kitenge ili watu wasimcheke njiani, akaenda.

Docteur Mugabo alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikwangua ngozi ya mbwa na kuitazama kwenye hadubini yake ya zamani, kwa muda mrefu.

"Hii si upele," akasema. "Sioni kidudu cha upele hata kimoja. Mama, hii mbwa iko inalala wapi?"

"Ndani. Juu ya fotei."

"Basi sikia. Kuna vijidudu vingine, vya vumbi. Kwa kifaransa tunasema acariens. Jicho halivioni. Haviumi muntu, havinyonyi damu. Vinaishi kwenye matandiko, godoro, mito, zulia, pahali penye joto na unyevu, vinakula takataka ya ngozi yetu inayoanguka. Sasa kuna batu na wanyama ambao mwili wao unakataa mavi ya vile vijidudu. Mwingine anapiga chafya. Mbwa anajikuna."

"Una uhakika?"

"Kipimo cha kuhakikisha hatuna hapa, sitakudanganya. Lakini masikio, nyayo, tumbo, na upele hakuna: minye naona ni ile. Tupunguze vumbi wiki sita, tuone."

Honorine alitazama chini.

"Fotei ya zamani, Docteur. Ya velour. Inaweza kuwa navyo?"

"Inaweza sana."

"Basi itupwe?"

"Hapana, mama, kwa nini kutupa? Muitoe inje, muipige vumbi mbali na mbwa, muiache juani tangu asubuhi. Halafu muifunike na shuka, na lile shuka mulifue kila wiki na maji ya moto, moto kabisa, ile mkono hauwezi kukaa ndani. Mapazia vilevile. Ndani ya nyumba musifagie kukavu, ufagio unainua vumbi tu. Mupanguse na kitambaa chenye maji. Mufungue madirisha. Na mbwa aoge kila wiki na maji ya vuguvugu." Akamwandikia mafuta ya kupaka nyayo. "Na mutafute kila pahali anapolala. Kila pahali."

Honorine alisikia yote, maana alikuwa mwalimu na masikio yake yalizoea kushika maneno. Lakini njiani kurudi nyumbani, kati ya pikipiki na wanawake wenye mabasani ya mihogo kichwani, alibakiza mawili tu: fotei, na inaweza sana.

Jioni Firmin alipiga magoti mahali pake pa kila siku. "Docteur amesema nini?"

"Amesema fotei itoke," Honorine akajibu. Alikuwa anachambua majani ya lengalenga na hakuinua macho. "Vidudu vinazaliwa mule ndani."

Mkono wa Firmin ulikuwa juu ya kiegemeo, pale velour ilipolika na kubaki nyuzi tupu.

"Hata tukiifua?"

"Hata tukiifua."

"Hata tukiianika juani?"

"Firmin, unataka mbwa apone ao hautaki?"

Kesho yake Firmin aliitoa mwenyewe. Hakumwomba mtu amsaidie. Aliibeba kichwani mpaka kwa Pétronille, jirani aliyeuza vitenge sokoni na aliyekuwa akimtupia Délice jicho asubuhi wakati wakubwa wako kazini, maana shule ya Délice ilianza saa saba. Pétronille aliipokea kwa mikono miwili. Nyumbani kwake hapakuwa na mbwa.

Usiku ule Honorine alilala usingizi mzuri. Alikuwa ameshaona mahali pale wazi karibu na dirisha jinsi patakavyopendeza na meza ndogo. Lakini kesho yake jioni Firmin aliporudi alikaa chini sakafuni, mahali hasa fotei ilipokuwa, akamweka Bijou mapajani na kumpaka mafuta nyayo moja moja, taratibu, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Honorine alisimama mlangoni na sahani ya bugali na samaki wa mukeke, hakuna aliyegeuka.

Kwa hiyo akatoa zulia. Akasema docteur ameagiza. Kisha akatoa mapazia, ya maua mekundu, akaweka mengine meupe aliyoyanunua mwenyewe. Kila kitu kilichotoka kilipita kwenye mdomo wa docteur. Nyumba ikawa wazi, sauti zikawa zinarudi kutoka kwenye kuta. Na Bijou alizidi. Sikio la kushoto lilitoka damu. Firmin akaanza kulala sebuleni kwenye mkeka ili amzuie mbwa asijikune, na Honorine akabaki peke yake kwenye kitanda kikubwa akisikia upande wa pili wa ukuta sauti ya mume wake ikimbembeleza mwingine.

"Wivu juu ya mbwa," alijiambia. "Mwanamke mzima." Lakini kulitaja jambo kwa jina lake hakukulipunguza.

Wiki ya tano Firmin alimkuta Docteur Mugabo mpakani, akivusha maboksi ya dawa kutoka Bujumbura. Jumamosi akamleta nyumbani. Honorine alikuwa anafua uani. Alipomwona docteur akiingia getini, alijua, na mikono yake ikabaki ndani ya povu.

Sebuleni, Honorine akiwa amewafuata, docteur alimshika Bijou, akamgeuza, akatikisa kichwa. Kisha akatazama sebule tupu.

"Na ile fotei? Imekwisha kukauka?"

"Tuliitoa," Firmin akasema. "Vile ulisema itupwe."

"Minye?" Docteur akacheka kidogo, akidhani ni mchezo. "Minye nilisema iwekwe juani na ifunikwe na shuka. Nilimwambia mama hapa, tena aliniuliza, nikamwambia hapana."

Firmin hakumtazama mke wake. Aliangalia mahali pale karibu na dirisha, ambapo sasa palikuwa na meza ndogo yenye maua ya plastiki.

Docteur alielewa kwamba amekanyaga kitu, akajaribu kupita. "Lakini kama fotei na zulia vimetoka na bado anazidi, basi kuna pahali pengine. Anashinda wapi mchana?"

"Chini ya kitanda chao," Délice akasema.

Wote wakageuka. Mtoto alikuwa amesimama na daftari kifuani. "Hakuwa analala sana kwenye fotei. Ni asubuhi mapema tu, na jioni akisikia Papa anakuja. Tantine akienda kufundisha, anaingia kwenye chumba. Analala juu ya godoro ya Tantine, ile ya chini. Akisikia geti, anatoka mbio."

"Tangu lini?" Honorine aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Tangu ulikuja."

Walisogeza kitanda. Chini yake, sakafuni, palikuwa na godoro la pamba ya mti ambalo mama yake Honorine alimshonea nyumbani kwao Lubarika, wakati yeye alipokwenda kusomea ualimu. Alikuja nalo kwenye ndoa kwa sababu hakuweza kuliacha, na kwa kuwa Firmin alikuwa na godoro la kisasa alilisukuma chini ya kitanda akalisahau. Unyevu wa sakafu ulikuwa umelipanda. Upande mmoja ulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Katikati palikuwa na shimo dogo la mviringo, lililobonyea vizuri, limejaa manyoya meupe.

Docteur Mugabo alipasua mshono kwa wembe. Pamba haikutoka kama pamba. Ilitoka kama unga. Bijou akapiga chafya mara tatu, na docteur mwenyewe akafuta macho.

"Ni hapa," akasema.

Honorine alipiga magoti. Miezi yote ile alikuwa amemwona mbwa huyu kama mlinzi wa marehemu, aliyewekwa dirishani ili amkumbushe yeye kwamba ni mgeni. Na kila asubuhi, akitoka tu, mbwa huyohuyo alikwenda kulala juu ya kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa chake. Labda alifuata harufu yake. Labda alipenda tu mahali laini penye giza. Hangejua kamwe, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

"Docteur," akasema, "hata tukiianika?"

"Hii, hapana, mama. Fotei ningekuambia ndiyo. Hii imekwisha kuoza ndani."

Aliposikia hivyo alimwangalia Firmin. Firmin alikuwa anamtazama, na wote wawili walikumbuka ni nani aliyeuliza swali hilo mara ya kwanza na alijibiwa nini.

Docteur alipoondoka, Firmin alimtuma Délice kwa Pétronille. Akafunga mlango.

"Sema."

"Sina cha kusema."

"Honorine. Sema."

"Niliona wivu," akasema. Hakulia. "Kila muntu anaingia hapa anamtafuta Amandine. Muuza samaki, majirani, weye. Nikaona hata mbwa. Unarudi unapiga magoti mbele ya ile kiti, minye nasimama pale na chakula. Nikasema siku moja nitaitoa, na docteur akanipa sababu."

Firmin alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ungeniambia hayo, ningeitoa minye mwenyewe. Ningeumia, lakini ningeitoa. Weye ulipitia kwa mnyama mgonjwa. Wiki tano anajikuna damu, na weye unajua docteur alisema nini."

"Sikujua kama ni godoro yangu."

"Hukutafuta."

Hilo lilikuwa kweli. Docteur alisema watafute kila mahali, na yeye alitafuta tu mahali alipotaka vidudu viwe.

Siku kumi Firmin alizungumza naye kwa kupitia mtoto. "Mwambie Tantine chumvi imekwisha." Honorine hakujitetea. Alilitoa godoro la mama yake kwenye uwanja nyuma ya nyumba siku upepo ulipokuwa unaelekea ziwani, akaliwasha moto na kusimama hapo mpaka likaisha. Aliumia kuliko alivyotarajia. Ndipo, kwa mara ya kwanza, alipomfikiria Firmin akitembea barabarani na ile fotei kichwani.

Kisha akafanya kazi yote aliyoambiwa na docteur tangu mwanzo. Alichemsha maji kwa moto wa makala kila Jumamosi na kufua mashuka ya watu na ya mbwa. Alitupa ufagio wa ndani, akapangusa sakafu na kitambaa chenye maji kila siku kabla ya kwenda kazini. Alisugua ukungu kwenye kuta na jaweli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, mbwa akiwa kwa jirani. Aliyafua mapazia ya maua mekundu kwa maji ya moto, akayarudisha mahali pake, ingawa hakuyapenda. Bijou alishonewa tandiko jembamba la kitambaa cha shuka, lisilo na pamba ndani, la kufulika, na mlango wa chumba ulifungwa mchana.

Alikwenda pia kwa Pétronille kuomba fotei. Alisema ukweli wote, na Pétronille, ambaye midomo yake haikuwa na likizo, safari hii alimsikiliza mpaka mwisho. Lakini fotei ilikuwa imeshavishwa kitenge kipya cha bluu, na ndani yake alikaa mama mkwe wa Pétronille, bibi kizee wa miguu iliyovimba, akimenya maharage. Honorine alimleta Firmin aone mwenyewe. Firmin alimsalimia bibi kwa heshima, akagusa kiegemeo, akauliza kama anakaa vizuri.

"Nakaa vizuri, mwanangu. Mungongo haunisumbui tena."

"Basi kaa, mama," Firmin akasema. Njiani kurudi alitembea mbele, kisha kwenye kona akasimama, akamngoja mke wake amfikie. Walifika nyumbani pamoja.

Wiki zilipita. Bijou aliacha kulamba nyayo kwanza, halafu sikio likakauka, halafu tumboni manyoya yakaanza kurudi, mafupi kama ya panya. Hakupona kabisa. Docteur alisema hatapona kabisa, na kwamba wakiacha kufua mwezi mmoja tu wataanza upya. Firmin alirudi kulala chumbani. Jioni bado alimsalimia mbwa kwanza, lakini siku moja alitoka kwenye mbwa akaja jikoni na kumwuliza Honorine ameshinda aje, kwa sauti ambayo haikuwa ileile, ila ilikuwa jirani yake.

Jumamosi moja ya kiangazi Honorine alikuwa anamwogesha Bijou uani, ndani ya basani. Milima ilionekana wazi juu ya paa. Délice alichuchumaa kando akimwaga maji kwa kikombe.

"Mama alikuwa anamwogesha na maji ya baridi yanayotoka kwenye robinet," mtoto akasema. "Bijou alikuwa anakimbia mpaka barabarani, tunamfukuza. Kwako anatulia."

"Anatulia sababu ni ya vuguvugu."

"Mama hakujua."

Honorine aliendelea kusugua mgongo wa mbwa. Ndani yake ilipanda furaha, kali, ya haraka, furaha ya mtu aliyempita mwenzake kwenye mtihani. Aliona haya papo hapo: kumshinda mwanamke aliyekufa, kwa basani la maji. Lakini ile haya haikuifuta furaha, vyote viwili vilikaa pamoja kifuani.

"Mama yako alikuwa anampenda," akamwambia mtoto. "Lete taulo. Ile ya kufuliwa jana."

Bijou akajitikisa, akawalowesha wote wawili.